Kisima Kisichotekwa Maji

Tangu tulipopata akili zetu tumejua kwamba kisima huchimbwa ili watu wateke maji. Mahali huchaguliwa, mawe huvunjwa kwa siku nyingi, na siku maji yanapoonekana mtaa mzima hufurahi. Kwa hiyo mwananchi akisikia kwamba fedha za umma zitumike kuchimba visima ambavyo hakuna mtu atakayeruhusiwa kuteka hata ndoo moja, tena vifunikwe kwa chuma na kutiwa kufuli, ana haki ya kuuliza kama fedha hizo hazina kazi nyingine ya kufanya. Swali hilo ni la haki kabisa. Leo tunataka kulijibu, kwani tunaamini kuwa visima vya namna hiyo, yaani visima vya uangalizi, ni katika mambo ambayo kisiwa kinachokunywa maji ya chini ya ardhi hakina budi kuwa nayo.

Kisiwa cha Unguja kinakunywa kutoka chini. Hatuna ziwa, wala hatuna mto wa kutosheleza mji. Mvua ya masika na ya vuli hupenya katika udongo na katika mawe ya matumbawe, ikakusanyika chini kwa chini, nasi tukaichota kwa visima, kwa mapango na kwa chemchem. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alipotaka kuwapatia maji watu wa Mjini aliyavuta kwa mabomba kutoka chemchem ya Bububu, na maji hayo yalikuwa ni mvua ile ile iliyotangulia kupita ardhini.

Maji matamu ya kisiwa hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Hukaa mfano wa dau lililosheheni: sehemu ndogo iko juu, na sehemu kubwa imezama. Wataalamu walikwishapiga hesabu zamani kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini yake. Ukilipunguza dau hilo kwa juu, bahari hupanda kwa chini. Na ukimwaga kitu kibaya juu yake, hakuna mlango wa kulitolea ukalisafisha, wala hakuna dau jingine. Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya maji, ardhi na nishati, kisa cha kisiwa kingine kilichopata mtihani huu. Kisiwa hicho ni Oahu, katika visiwa vya Hawaii, ambacho kina wakazi karibu milioni moja, na ambacho nacho, kama sisi, kinakunywa kutoka chini.

Mwaka 1940, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilianza kuchimba katika kilima kiitwacho Red Hill ili kuficha mafuta ya vita mbali na macho ya ndege za adui. Kazi ilimalizika mwaka 1943. Matangi 20 yalijengwa ndani ya mwamba, kila moja likiwa na kimo cha mita 76 na upana wa mita 30, na kila moja likiweza kuchukua kiasi cha galoni milioni 12.5, yaani zaidi ya lita milioni 47. Kama kazi ya mikono ya binadamu, ni ya kustaajabisha. Lakini chini ya vitako vya matangi hayo, kwa masafa ya mita 30 tu hivi, ndipo yanapoanza maji ya kunywa ya kisiwa. Waliojenga walikuwa katika vita, na katika vita watu hawaulizi habari za miaka themanini ijayo. Tunaowalaumu sisi ni wale waliokuja baadaye, katika amani, wakiwa na wasaa wa kuuliza.

Mwezi wa Januari 2014, tangi nambari 5, ambalo lilikuwa limetoka katika matengenezo, lilivuja galoni 27,000, yaani zaidi ya lita laki moja. Mirija ya kupimia mvuke, ambayo ilikuwa imetiwa katika mwamba chini ya matangi, ilionyesha wazi kwamba mafuta yameingia ardhini. Mwaka uliofuata, Jeshi lilitia saini mapatano na wakaguzi wa Serikali Kuu na wa Idara ya Afya ya Hawaii kwamba matangi yatatengenezwa, mwamba utachunguzwa, na visima vya uangalizi vitaongezwa. Mapatano yalikuwa mazuri katika karatasi. Miaka ikaanza kupita.

Hapa inatupasa tusimame kidogo tueleze kisima cha uangalizi ni kitu gani, kwa sababu tumeona hata baadhi ya maofisa wetu hukichukulia kuwa ni tundu tu.

Wachunguzi huanza na udongo. Mtambo hupiga chini na kutoa udongo au jiwe kwa mrija, pande kwa pande, na kila pande hutazamwa, hunuswa kwa chombo cha kupima mvuke, na huandikwa limetoka kimo gani. Mtambo ukifika penye maji, tundu hutiwa bomba ambalo sehemu yake ya chini imechanjwa matundu membamba. Kandokando ya matundu hayo humiminwa mchanga uliochekechwa ili maji yapite na tope libaki. Juu ya mchanga hutiwa udongo maalumu ambao ukilowa huvimba na kuziba, na juu yake saruji hadi usoni pa ardhi. Kazi ya kuziba ndiyo roho ya kisima. Kisima kisichozibwa vizuri huwa ni mfereji wa kuyapeleka chini maji machafu ya juu, na hapo mchunguzi anakuwa yeye mwenyewe ndiye mchafuzi.

Kisima kimoja hakitoshi, wala viwili. Kujua maji ya chini yanaelekea wapi kunahitaji visima vitatu kwa uchache, vilivyokaa pembe tatu, ambavyo midomo yao imepimwa kimo chake kwa usahihi. Hupimwa maji yamesimama wapi katika kila kimoja, na kutokana na tofauti hiyo hujulikana mteremko, hata kama ni wa upana wa vidole tu. Kisha huhitajika kisima kimoja au zaidi upande yanakotokea maji, kabla hayajafika penye shaka, ili kijulikane kilichokuwamo tangu mwanzo. Mwenye bohari asiyekuwa na kisima hicho ana njia nyepesi ya kusema kuwa uchafu umemfikia kutoka kwa jirani, na huenda akawa mkweli, lakini hakuna atakayeweza kumsadiki au kumkadhibisha.

Kwetu visiwani kuna jambo la kuzidisha. Maji ya visima vilivyo karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari. Mchunguzi akipima kisima cha kwanza maji yakiwa yamejaa na cha tatu maji yakiwa yamekupwa, atachora mkondo ambao haupo. Mvuvi yeyote angeweza kumwambia hivyo bila ya kulipwa. Kwa hiyo saa ya kupima na hali ya bahari huandikwa katika daftari, na ikiwezekana vipimo huachwa kisimani usiku na mchana.

Kuchota kwenyewe nako kuna adabu zake. Maji yaliyolala ndani ya bomba hutolewa kwanza, pole pole, mpaka yaje yale yatokayo katika mwamba. Chupa hujazwa bila ya kuachwa hewa, kwa sababu sumu za petroli huruka. Hutiwa katika barafu, hufuatana na karatasi ya kila mkono uliozishika, na pamoja nazo husafiri chupa moja ya maji safi yanayojulikana kuwa safi. Chupa hiyo ikifika maabara ikakutwa na petroli, basi imeingia njiani, na safari nzima ni batili. Tumeyataja haya kwa urefu kwa makusudi, kwani ripoti ya uchafuzi ni ushahidi, na mwenye hatia mwenye fedha hatashindwa kumpata wakili wa kuuliza chupa ililala wapi.

Sasa turudi Red Hill. Visima vya uangalizi vilikuwapo. Mabishano yalikuwa juu ya idadi yake, juu ya mahali vilipochimbwa, na zaidi ya yote juu ya tafsiri yake. Ng'ambo ya kilima hicho, kuvuka bonde, kiko chanzo cha maji cha Halawa, ambacho kilikuwa kikitoa kiasi cha sehemu moja kwa tano ya maji ya mji wa Honolulu. Wataalamu wa Jeshi walichora ramani zilizoonyesha kuwa maji ya chini ya matangi huteremka kuelekea baharini, mbali na Halawa. Bodi ya Maji ya Honolulu, ambayo kiongozi wake wakati huo alikuwa mhandisi Ernest Lau, ilisema kwamba vipimo vya visimani havitoshi kuthibitisha hivyo, na kwamba bondeni, palipokuwa na shaka kubwa, visima vilikuwa haba. Wakaguzi wa Serikali nao hawakuridhika na ramani zile. Mwamba wa Hawaii ni wa volkano. Una mapango yaliyoachwa na moto uliotiririka na una tabaka za kokoto na za jiwe zima, kwa hiyo maji yanaweza kupita hapa kwa haraka na pale kwa uzito.

Mawe yetu ya matumbawe ni ya asili nyingine, lakini kwa hili hayana tofauti kubwa. Yametobolewa na maji kwa maelfu ya miaka. Kila mtu wa Makunduchi au Jambiani anajua kuwa bahari ikipwa huonekana maji matamu yakibubujika mchangani, na maji hayo yamekuja kwa njia zao wenyewe, ambazo hazimo katika ramani ya ofisi yoyote. Kisima kinaweza kuchimbwa hatua kumi tu kutoka kwenye ufa unaopitisha uchafu kisiuone. Kwa hivyo mchunguzi wa hapa aangalie pia mapango na chemchem za pwani, na awaulize wazee kabla hajaweka mtambo chini.

Tarehe 6 Mei 2021, kwa kosa la uendeshaji, mabomba ya Red Hill yalipata mshtuko yakapasuka. Jeshi lilitangaza kuwa kiasi kidogo kilimwagika na kikakusanywa. Uchunguzi wa Jeshi lenyewe, uliotolewa mwaka 2022, ulieleza kuwa karibu galoni 20,000 za mafuta ya ndege ziliingia katika bomba jingine, lililowekwa kwa ajili ya kuondolea maji ya kuzimia moto, zikakaa humo zaidi ya miezi sita. Hesabu ya mafuta ilionyesha upungufu, na upungufu huo haukufuatiliwa inavyopasa. Tarehe 20 Novemba kigari cha kazini kiligonga bomba hilo handakini. Mafuta yakamwagika jirani na kisima kikuu cha Red Hill, ambacho kilikuwa kikiwanywesha wanajeshi, aila zao na raia, jumla yao karibu watu 93,000.

Walioligundua jambo hilo ni akina mama majumbani. Siku chache baadaye walifungua bomba wapike au waogeshe watoto, wakasikia harufu ya mafuta. Wengine waliona utando unaong'aa juu ya maji. Watoto walitokwa na vipele, watu walitapika na kuumwa na vichwa, na maelfu walikwenda kutafuta matibabu. Maelfu ya familia walihamishiwa mahotelini. Jeshi lilizima kisima chake tarehe 28 Novemba, na siku chache tu baadaye Bodi ya Maji ilikizima cha Halawa, si kwa kuwa kilikutwa na mafuta, bali kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kuwahakikishia watu kwamba kuendelea kuvuta hakutayavuta mafuta kuvuka bonde.

Tafadhali msomaji, litazame jambo hilo mara ya pili. Mji mkubwa ulijinyima sehemu moja kwa tano ya maji yake kwa sababu ya kutokujua. Gharama ya visima vichache ambavyo havikuchimbwa bondeni kwa wakati wake haiwezi kulinganishwa na gharama ya siku moja ya kuzima chanzo kama kile.

Pia tuwe na insafu. Kisima cha uangalizi si mlinzi wa usiku. Huchotwa kwa mwezi au kwa miezi mitatu, na mafuta yaliyomwagika jana handakini hayangojei zamu. Wako watakaosema kwamba, kwa kuwa pua za akina mama zilitangulia, visima ni fedha ya bure. Rai hiyo hatuikubali. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mapema mlango wa maji: kwamba maji yaliyofika kulateni hayaharibiki mpaka ibadilike rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Kwa tohara kanuni hiyo inatosha na inaendelea kututosha. Lakini sumu ya petroli iitwayo benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu, hudhuru kwa kiasi kisichosikika puani wala ulimini. Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita, na cha Marekani ni maikrogramu 5. Kwa hesabu hiyo ya Marekani, gramu 1 ya benzini yatosha kuyafikisha kwenye mpaka huo maji lita 200,000. Harufu ikifika bombani, mambo yamekwisha kuharibika siku nyingi. Kazi ya kisima cha uangalizi ni kuliona lile lisilonusika, nalo likiwa bado liko njiani.

Tarehe 7 Machi 2022, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alitangaza kwamba bohari ya Red Hill itafungwa daima. Haikuwa rahisi. Kwanza mabomba yalitengenezwa ili yaweze kutoa mafuta bila ya kuvuja tena, na kuyatoa kulianza Oktoba 2023 na kukaendelea hadi mapema 2024, zaidi ya galoni milioni 100. Wakati huohuo kisima kilichochafuliwa kilivutwa, hadi galoni milioni 5 kwa siku, maji yakapitishwa katika makaa ya kuchujia na kumwagwa kijitoni. Maji hayo hayakunywewa na mtu. Visima vya uangalizi viliongezwa sana, vikiwamo vile vilivyokuwa vikiombwa tangu zamani. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho iliamuru walalamikaji 17 wa mwanzo walipwe fidia, na nyuma yao wako maelfu.

Tunayaandika haya kwa sababu nasi tumo katika kujenga. Mangapwani imeteuliwa kuwa mahali pa bandari jumuishi, na bohari za mafuta na gesi zimo katika mpango huo. Tunauunga mkono, kwani kisiwa kisichokuwa na akiba ya mafuta hushikwa koo kila meli inapochelewa. Lakini Mangapwani hiyo hiyo ndiko liliko pango la matumbawe ambalo ndani yake mna maji matamu, na watu waliyateka kabla ya kuwapo mabomba. Pango hilo ni dirisha. Linatuonyesha kilichomo chini ya ardhi yote ya pale. Rai yetu ni kwamba visima vya uangalizi vichimbwe na vipimwe kabla ya mafuta kuingia, masika na vuli, maji yakijaa na yakipwa, ili tuwe na daftari la hali ya asili. Daftari hilo likikosekana mwanzoni haliwezi kuandikwa baadaye.

Wala tusiangalie makubwa peke yake. Vituo vya petroli vimeongezeka mjini na mashamba, na matangi yake yamefukiwa katika mawe haya haya, mengine hatua chache kutoka kisima cha msikiti au cha skuli. Tangi la chuma likifukiwa huliwa na kutu, zaidi katika ardhi yenye chumvi. Mwenye kituo anayepoteza lita chache kwa siku huenda akadhani ni makosa ya pampu, na kwa miaka kumi lita hizo zinakuwa bahari. Sharti la leseni liwe ni pamoja na kisima kimoja cha uangalizi, si chini ya hapo, na hesabu ya mafuta yaliyoingia na yaliyotoka ikaguliwe na mtu asiyekuwa wa kituo. Jaa la Kibele nalo lina haki ya kuangaliwa kwa jicho hilo, kwani mvua inayopita katika taka haipotei.

Tunajua kuwa maofisa wetu watasema mitambo ni ghali na mafundi ni wachache. Ni kweli. Basi ianzwe kwa maeneo matatu au manne yenye hatari kubwa, na vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa wapewe kazi ya kupima vimo vya maji, ambayo haihitaji zaidi ya utepe, saa na uaminifu. Chupa zipelekwe maabara ya Serikali, na mara moja kwa mwaka chupa pacha zipelekwe maabara nyingine ili tujue kama majibu yanalingana.

Yabaki mambo mawili ambayo hayahitaji fedha. La kwanza ni ufunguo. Ufunguo wa kisima cha uangalizi usikae kwa mwenye bohari wala kwa kontrakta wake, bali ukae kwa mamlaka ya maji, na nakala yake iwe kwa sheha wa mahali, naye awepo siku ya kuchota na aweke saini yake katika karatasi inayofuatana na chupa. La pili ni majibu. Karatasi ya majibu ibandikwe katika ofisi ya shehia ndani ya siku saba tangu itoke maabara, kwa Kiswahili, kiwango kilichopatikana kando ya kiwango kinachoruhusiwa, hata kama ofisa anayeibandika angependa kwanza ayapeleke majibu hayo kwa mkubwa wake.